Jua linavyofika kwenye sahani ya sambaza

Hotuba ya mwalimu wa biolojia mbele ya wavuvi, akina mama wauza samaki, walimu na wanafunzi, mjini Bukavu

Wazee wetu wa ziwani, akina mama mnaoteremka alfajiri kupokea mitumbwi, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojaa hapo nyuma, nawasalimu wote. Aksanti kwa kuja. Najua wavuvi wengi mliomo humu hamkulala jana usiku, kwa hiyo nitajitahidi maneno yangu yastahili usingizi mliouacha.

Swali nililoombwa kulijibu ni lile linalorudi kila mwaka: kwa nini samaki wa Ziwa Kivu wanapungua? Nimesikia majibu mengi. Wengine wanasema ni nyavu mbaya, wengine ni wingi wa wavuvi, wengine wanamlaumu jirani wa ng'ambo. Katika majibu hayo mna ukweli, lakini yote yanaanzia kwenye wavu. Mimi naomba leo tuanzie chini kabisa, mahali ambapo wavu haufiki. Samaki hatokani na maji matupu. Mwili wake wote ni chakula alichokula, na kila anapopiga mkia anatumia nguvu aliyoipata kwa kiumbe mwingine. Tukijua nguvu hiyo inatoka wapi, inapita kwa nani na inapotelea wapi, tutajua ziwa hili linaweza kutupa kiasi gani, na ni wapi tunalikata bila kujua.

Inatoka kwenye jua. Chota maji ya ziwa kwa glasi, mahali pasafi mbali na pwani, uyaangalie: utasema hamna kitu. Yaweke chini ya hadubini, utaona vijimea visivyoonekana kwa macho, vya kijani na vya kahawia, vingine vimeungana katika nyuzi, vingine vimevaa ganda gumu la silika. Huo ni mwani wa ziwa. Mwani huchukua mwanga, maji, na hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini, ukatengeneza sukari na kuachia oksijeni. Vitabuni kazi hiyo inaitwa usanisinuru, na wanafunzi wa biolojia na kemia mmeshaikariri. Nataka leo muione kuwa ndiyo mlango ambao karibu nishati yote ya uhai wa ziwa hili inaingilia. Hakuna mnyama, awe sambaza, yule samaki mdogo tunayemvua humu, awe ng'ombe wa Kabare, awe mimi ninayesimama hapa, anayeweza kukaa juani akashiba. Mmea unaweza, na sisi wengine wote tunakula kazi ya mmea, au tunamla aliyeula mmea.

Tena mmea wenyewe haulichukui jua lote. Mwanga unaopiga uso wa ziwa mwingine hurudi juu, mwingine hupasha maji moto, mwingine hufifia kabla ya kukutana na mwani. Unaogeuka chakula ni kidogo, kwa kawaida chini ya sehemu moja kwa mia. Samaki wote, ndege wote wa majini, fisi maji, na sehemu ya kipato cha nyumba nyingi za Bukavu, Kalehe na Idjwi vinategemea hicho kidogo.

Sasa, nani anakula mwani? Wengi hujibu haraka kwamba ni sambaza. Sivyo. Sambaza hutegemea zaidi vidudu vya majini, vile unavyoweza kuviona kwa shida, vitone vyeupe vinavyorukaruka kwenye glasi ukiishika mbele ya mwanga. Wataalamu huviita planktoni wanyama. Hapa Kivu wengi wao ni kopepoda, jamaa wa mbali wa kamba na kaa. Vidudu hivyo ndivyo vinavyochunga mwani. Sambaza anavila vidudu. Sisi tunamla sambaza, na wanaomla ni pamoja na mnandi, mdiria na fisi maji. Ngazi ni hizo: mwani, kidudu, sambaza, mtu.

Mtu wa Kadutu, mtaa wetu wa mlimani, ataelewa upesi kinachotokea kati ya ngazi hizo. Chukua bidoni lenye tundu, lijaze ziwani, anza kulipandisha mlimani, na kila unapochoka mpe mwenzako alishike. Maji yanavuja njia nzima. Anayeyapokea wa nne, kule juu, anapokea maji kidogo sana, na si kwa sababu mtu ameiba. Nishati nayo huvuja kila inapobadilisha mwili. Kwanza, kidudu hakiwezi kula mwani wote. Mwingine hufa na kuzama. Pili, alichokula mnyama hakiingii chote mwilini. Sehemu inatoka kuwa mavi. Tatu, na hapa ndipo panapopotea pakubwa, kile kilichoingia mwilini hutumika kuishi: kuogelea, kupumua, kukimbia adui, kutafuta mwenza. Nishati iliyotumika hivyo hugeuka joto. Joto hilo linaingia majini, kutoka majini linaingia hewani, na mwisho linaondoka duniani. Haliwezi kurudi kuwa mwani. Mavi ya samaki yanaweza kurudi, mifupa yake inaweza kurudi, fosforasi na naitrojeni vinaweza kuzunguka kutoka mwili hadi mwili kwa karne nyingi. Nishati haizunguki. Inapita mara moja, na ni lazima iletwe nyingine kutoka juani.

Wanafunzi, mshikeni jina la Raymond Lindeman. Alikuwa kijana wa Marekani aliyepima kiziwa kidogo cha Minnesota kiitwacho Cedar Bog Lake, akifuatilia nishati inavyopita kutoka kwa mimea hadi kwa walaji wake na walaji wa walaji. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1942. Yeye hakuyaona yakichapishwa. Alikufa mwaka huohuo akiwa na miaka 26. Kutokana na kazi yake na ya waliomfuata ndipo ikapatikana ile kanuni mnayoifundishwa, kwamba katika kila ngazi sehemu kama kumi kwa mia ndizo zinazovuka kwenda juu. Kumi hiyo ni wastani. Mahali pengine ni tano, pengine ishirini.

Na kwetu je? Hili nalisema kwa fahari. Watafiti wa ISP, chuo cha ualimu cha hapahapa Bukavu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Namur cha Ubelgiji, walichapisha mwaka 2006 vipimo vya vidudu vya Ziwa Kivu. Walikuta kwamba kati ya mwani na vidudu vinavyoula, kinachovuka ni karibu asilimia 7 tu. Tufanye hesabu ya mkono, ya kukadiria. Kilo 1 ya sambaza inahitaji kama kilo 10 za vidudu. Kilo 10 za vidudu, kwa asilimia 7, zinahitaji zaidi ya kilo 140 za mwani. Mama aliyebeba beseni la kilo 20 amebeba kichwani kazi ya karibu tani 3 za mwani. Naomba wazee mlitafakari hilo. Tani 3 za mimea isiyoonekana kwa macho, zimeota, zimeliwa, zimepungua, na kilichobaki kimeingia katika beseni moja.

Ukiongeza ngazi moja tu juu ya sambaza, hesabu inakuwa ngumu zaidi. Kule Ziwa Tanganyika kuna mikebuka, samaki mkubwa anayewala ndagala, dagaa wa huko. Ni mtamu na anauzwa bei nzuri. Kila kilo yake imekula kama kilo 10 za ndagala. Kwa hiyo nikimsikia mtu anatamani tuletewe na sisi samaki mkubwa wa kuwinda, namwomba kwanza aniambie hao sambaza wa kumlisha atawatoa kwenye sahani ya nani.

Hata sambaza mwenyewe ni mgeni humu, na historia yake inafundisha kuliko kitabu. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha, katikati ya Ziwa Kivu, kwenye maji ya wazi, hapakuwa na samaki wa kula vidudu. Samaki wa asili, tilapia na wale wadogo mnaowaita ndugu na wengineo, wengi wao wanakaa karibu na pwani. Mnajua wenyewe jinsi milima inavyoingia majini kwa ghafla. Ukanda wa chini wenye oksijeni ni mwembamba, unazunguka ziwa kandokando tu. Nishati iliyokuwa imefika kwa vidudu vya katikati ilikuwa inaishia hapo, inazama na mizoga yao. Ndipo mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, wakati wa Wabelgiji, wakaletwa watoto wa samaki kutoka Tanganyika, aina mbili. Mmoja, Stolothrissa tanganicae, hakuweza kuishi. Wa pili, Limnothrissa miodon, alikubali maji yetu, na huyo ndiye sambaza. Uvuvi wake haukushika mara moja. Ilipita karibu miaka 20.

Je, alikuja bure? Hapana. Kulikuwa na kidudu kimoja kikubwa kuliko wenzake, Daphnia curvirostris, kinachokula mwani kwa nguvu. Kwa kuwa ni kikubwa na ni mzito kukimbia, sambaza walikimaliza kwenye maji ya wazi. Ngazi ya pili ikampoteza mlaji wake mkubwa, vikabaki vidudu vidogo vyenye mbio. Mwaka 1986 mtaalamu wa Ubelgiji, Henri Dumont, aliandika akihofia kwamba sambaza atavimaliza vidudu na kisha atajimaliza mwenyewe. Haikuwa hivyo, na sababu ni tabia ya sambaza. Hachagui sana. Akiwa karibu na pwani hula wadudu, na walio wakubwa hula hata watoto wao. Lakini onyo la Dumont lilikuwa na msingi, na mimi silipuuzi. Ukiondoa kiumbe kimoja katikati ya ngazi, walio juu na walio chini yake wote wanalazimika kuishi kwa namna nyingine.

Sasa niwaambie wavuvi kile mnachokifanya kila usiku, kwa maneno ya darasani. Mchana, vidudu vingi hushuka chini kwenye giza kujificha, maana samaki huwinda kwa macho. Jua likizama, vinapanda juu kula mwani. Sambaza wanavifuata. Ekipe yenu, mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, imetulia hapo juu na taa zinawaka. Mwanga unavuta vidudu, vidudu vinavuta sambaza, na mengine mnayajua kuliko mimi. Usiku wa mbalamwezi mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haina nguvu, sambaza hawakusanyiki. Mwezi haukuwapunguza samaki, umewatawanya tu. Nyimbo zenu za kupiga kasia tunazozisikia tukiwa vitandani ndizo saa ya nishati inapopanda kutoka ziwani kuja mjini.

Kuna kitu kimoja cha Kivu ambacho maziwa mengi ya dunia hayana, nami naomba mnivumilie nikae hapo kidogo, maana ndipo penye jibu la kwa nini ziwa letu ni zuri namna hii na bado samaki wake si wengi.

Ziwa hili lina kina cha karibu mita 485. Oksijeni iko juu tu. Ukivuka mita 60 au 70 hivi hakuna tena, na hakuna samaki anayeweza kuishi. Maji ya chini ni mazito, yana chumvi na gesi nyingi iliyoyeyuka, wala hayachanganyiki na ya juu. Kila mwani unaokufa bila kuliwa, kila mavi ya kidudu, kila sambaza aliyekufa kwa uzee, hushuka huko. Katika ziwa la kawaida upepo ungekoroga, na mbolea ile ingepanda tena juani ilishe mwani mpya. Kwetu inafungiwa. Tuna mbolea nyingi sana, ila iko chini ya kufuli.

Kufuli hilo halijabana kabisa. Chini ya ziwa kuna chemchemi zinazoingiza maji, nayo yanayasukuma maji ya kina juu polepole, mwaka hadi mwaka, yakipandisha fosforasi na naitrojeni kidogokidogo. Tena wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, upepo mkavu hupoza maji ya juu, yanakuwa mazito, yanazama na kukoroga ile sehemu ya juu yote hadi kwenye mpaka wa oksijeni. Mbolea iliyokuwa imekaa hapo inafika kwenye mwanga. Diatomu, wale wenye ganda la silika, huota kwa wingi, kisha vidudu huongezeka. Kwa hiyo mvuvi anayetazama upepo wa kiangazi anatazama chakula cha samaki wake kikipandishwa. Mwaka ambao upepo ni dhaifu, hata mkiwa na nyavu mpya na taa mpya, chini kumepikwa kidogo.

Na ile nishati iliyozama, imekwenda wapi? Haikupotea yote. Huko gizani, pasipo oksijeni, wanaishi vijidudu vinavyomalizia kuoza kwa mizoga hiyo na kuachia methani. Methani nyingine huitengeneza kwa hewa ya ukaa inayotoka kwenye miamba ya volkano chini yetu. Kwa karne nyingi imejikusanya, na sasa ziwa lina kama kilomita za ujazo 60 za methani, pamoja na kama 300 za hewa ya ukaa. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, mtambo wa KivuWatt unaivuta gesi hiyo tangu mwisho wa mwaka 2015 na kutoa megawati 26 za umeme. Taa inayowaka kwa umeme huo inatumia, kwa sehemu, jua lililopiga Ziwa Kivu zamani sana, likawa mwani, likakosa kuliwa, likazama. Na methani kidogo inayovuja kufika kwenye oksijeni hukutana na bakteria wanaoila. Bakteria hao nao huliwa, na nishati hiyo iliyokuwa imezikwa inarudi tena kwenye ngazi. Nikiwafundisha vijana somo hili huwa nawaambia wasiogope kushangaa. Mimi mwenyewe bado nashangaa.

Niondoke ziwani kidogo. Nishati haikai ndani ya mipaka tunayoichora, na mfano mkubwa uko kwa jirani zetu wa Ziwa Edouard, ndani ya mbuga ya Virunga. Kiboko hushinda majini, usiku anatoka kula majani ya nchi kavu, kama kilo 40 kwa usiku mmoja, kisha anarudi na kuyaachia majini. Mavi yake yamebeba nishati ya majani na mbolea ya udongo. Bakteria na wadudu huyala, mwani unanawiri kwa mbolea yake, tilapia wanashiba. Katika miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000. Vita vikaja, watu wenye silaha wakawaua kwa ajili ya nyama na meno, na kufikia mwaka 2005 hawakufika hata 1,000. Wavuvi wa Vitshumbi waliona samaki wakipungua. Uvuvi haramu nao ulikuwa na mkono wake, hilo sikatai. Lakini mkondo mzima wa chakula uliokuwa ukiteremka kila alfajiri kutoka mbugani kuingia ziwani ulikatwa kwa risasi zilizopigwa nchi kavu, na waliozipiga hawakuwa wakifikiria samaki hata kidogo.

Msituni sheria ni ileile. Kahuzi-Biega, mbuga yetu iliyoundwa mwaka 1970, ina sokwe wakubwa tunaowaita gorila, na huenda mmejiuliza mnyama mkubwa hivyo anapataje kushiba kwa majani. Anashiba kwa sababu anakula kwenye ngazi ya chini, penye nishati nyingi, na kwa sababu anatumia sehemu kubwa ya siku akitafuna. Chui ni mdogo kwake kwa uzito, lakini yuko ngazi ya juu, kwa hiyo chui hawawezi kuwa wengi popote duniani. Nishati inayofika kwao ni chenji. Ndiyo sababu ukiwaua chui watatu umeua wengi, na ukikata mti mmoja mkubwa umewanyima walaji ambao hata majina yao hatujui: uyoga, mchwa, mbawakawa, na jamii nzima inayokula magogo na majani yaliyooza, maana sehemu kubwa ya nishati ya msitu hupitia kwa hao walao vilivyokufa.

Najua mnawaza makala, yaani makaa ya kupikia. Siwezi kusimama Bukavu nikamhukumu mama anayewasha makala, kwa sababu sina cha kumpa mahali pake. Naomba tu tujue tunachokichoma. Mti uliokusanya jua kwa miaka 30 ukiingia kwenye tanuri la udongo, kilo 100 za mbao kavu hutoa kama kilo 10 hadi 20 za makala. Nyingine imekwenda na moshi huko porini kabla sufuria haijapata moto. Mwenye nafasi ya kununua jiko linalobana moto anunue. Anapunguza msitu unaoingia jikoni kwake.

Nirudi kwenye sahani. Mkoa wetu unaijua bwaki, ugonjwa wa utapiamlo, wazazi wengi hapa mmeiona kwa macho, mtoto anavimba miguu, nywele zinabadilika rangi, anakosa hamu hata ya kucheza. Mtoto wa namna hiyo anahitaji chakula cha kujenga mwili, na nyama ya ng'ombe iko mbali na mfuko wa wengi. Ng'ombe ni mali, ni heshima, ni mahari, nami natoka katika watu wanaompenda ng'ombe. Lakini kwa hesabu ya nishati, ng'ombe hula majani mengi sana ili atoe nyama kidogo, kwa kuwa ni lazima autunze mwili wake mkubwa, wenye joto, mchana na usiku. Samaki hapashi mwili wake moto. Chakula anachokila kinageuka mwili kwa sehemu kubwa zaidi. Sambaza, tena, analiwa mzima, na mifupa yake, hakuna kinachotupwa. Maharage ndiyo yako chini kabisa, yanakula jua lenyewe. Bugali, maharage, na kiganja cha sambaza waliokaushwa vizuri: kwa mtoto wa Bukavu sioni mpango mwingine ambao ardhi hii na ziwa hili vinaweza kuubeba kwa watu wengi hivi. Ndiyo maana nikiona sambaza wanapungua sioni biashara inayopungua tu.

Sasa nyavu, maana najua mmezisubiri. Sambaza wakubwa wako katikati, lakini watoto wao wengi hukulia karibu na pwani. Mtu anayekokota chandarua cha mbu kwenye maji ya magotini anawachota hao. Wengi watamwambia ni kosa kwa sheria. Mimi nitamwambia ni hasara kwa hesabu. Samaki mchanga ndiye anayegeuza chakula kuwa mwili kwa wingi kuliko wakati wowote wa maisha yake. Akishakomaa, chakula kingi kinakwenda katika kuishi tu na kutaga. Ukimtoa akiwa na urefu wa kidole kidogo, umemtoa siku zile hasa ambazo ziwa lilikuwa linakuongezea nyama kwa gharama ndogo, na umemtoa kabla hajaacha mayai. Ndoo ya watoto hao wa sambaza wiki hii, ukiiacha, hata ukiondoa watakaokufa na kuliwa, inarudi kuwa kubwa kuliko ndoo. Nawasihi, hasa ninyi vijana wa pwani ambao mnafanya hivyo kwa njaa na si kwa ubaya: hiyo njaa ndiyo mnayoipanda.

Matete nayo. Wadudu wanaokula matete yaliyooza na utando wa mwani kwenye mashina yake ndio chakula cha samaki wachanga. Tukiyafyeka yote ili tujenge hadi ukingoni mwa maji, tumeondoa jiko na kitanda cha mtoto kwa pamoja.

Na jambo la mwisho haliko ziwani kabisa. Liko mlimani, kwenye mitaro na mabonde yanayobomoka kila mvua kubwa inaponyesha. Udongo mwekundu unaoingia kwenye ghuba yetu unayachafua maji, mwanga haupenyi, na mwani ulio chini ya tope hilo haufanyi kazi. Mtu anayejenga Kadutu bila mfereji wa maji, asiyewahi kushika kasia maishani mwake, anagusa sambaza wa Bagira kupitia mwanga wa jua. Ndiyo sababu niliomba mkutano huu usiwe wa wavuvi peke yao.

Wazee wa ekipe, naleta ombi moja. Kaeni ninyi wenyewe, mtaje pwani ambazo mnajua watoto wa sambaza wanakulia, mkubaliane zipi ziachwe bila wavu na bila kufyekwa matete, na kwa miezi mingapi. Msingoje karatasi kutoka ofisini. Mimi na wanafunzi wangu tutakuja kila mwezi kupima urefu wa sambaza wanaopakuliwa, na hesabu tutaibandika sokoni ambapo kila muuzaji ataisoma. Aksanti sana. Sasa nawasikiliza, na ningependa akina mama ndio waanze.